Modi Yetu Inaelea, Lakini Haina Jina

Ndugu Mshauri,

Salamu. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu na sikutarajia kwamba siku moja ningeiandikia, tena kuhusu jambo ambalo wengi wataliona dogo. Sisi ni watu tisa. Tunaishi mbalimbali na wengi wetu hatujawahi kuonana ana kwa ana, ila kwa karibu miaka miwili sasa tumekuwa tukitengeneza modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na wachezaji wenyewe, ya mchezo mmoja wa kompyuta unaohusu safari za vyombo vya tanga katika visiwa vya kubuni. Mchezo wenyewe uliundwa kwa ajili ya mchezaji mmoja: unashika usukani peke yako, unatweka tanga peke yako, na chombo kikivuja unakimbia mwenyewe kwenda kufua maji. Modi yetu inawawezesha watu hadi sita kuingia katika chombo kimoja kupitia seva, kila mmoja na kazi yake. Majaribio yanakwenda vizuri, nasi tumekubaliana kuitoa kwa umma baada ya wiki sita.

Tatizo ni jina. Ndani ya faili zetu modi inaitwa "jaribio2", jina nililoliandika mimi usiku wa kwanza kwa sababu "jaribio" lilikuwa limeshatumika. Hakuna aliyelijali hadi mwezi uliopita, tulipoanza kuandaa ukurasa wa kupakulia na kukuta nafasi ya jina ikitutazama. Mwanzilishi wetu, ambaye ndiye aliyeandika sehemu ngumu kuliko zote, ile inayooanisha mawimbi katika kompyuta za watu sita ili mmoja asione bahari shwari wakati mwenzake anaona chombo kinapinduka, anataka modi ibebe jina lake la mchezoni, lenye tarakimu nne mwishoni. Wawili wanataka jina la mchezo wenyewe lifuatwe na neno "Mtandaoni", kwa hoja kwamba hivyo ndivyo watu watakavyoitafuta. Mmoja ametuletea kifupisho, MWWB, yaani Mfumo wa Wachezaji Wengi Baharini. Mimi nilipendekeza "Ng'ambo", kwa kuwa ndiko kila chombo kinakokwenda, na kwa kuwa sisi wenyewe tumekutana kila mtu akiwa ng'ambo ya mwenzake.

Tuliposhindwa kuelewana, nilishauri tuwaachie wanaotusaidia kufanya majaribio, ambao ni kama mia mbili hivi, wapendekeze majina na kuyapigia kura. Kumbe nilikuwa natia kuni motoni. Jina lililoshinda, kwa kura nyingi mno, ni "Meli Imezama Tena". Asili yake ni hitilafu ya miezi ya mwanzo: mtu wa sita alipoingia, uzito wake ulihesabiwa mara mbili na chombo kikaenda chini taratibu huku wote wakiwa wamesimama juu ya sitaha. Mjaribu mmoja alikuwa akituletea taarifa kila usiku kwa maneno hayo matatu bila maelezo mengine, na hatimaye yakawa salamu yetu. Mwanzilishi amesema kura hiyo ni upuuzi na hatambui matokeo yake. Waliopiga kura wanasema tumewadharau. Fundi wetu wa sauti amejitoa, akaacha ujumbe mmoja tu, kwamba tukishapatana tumwite.

Naomba unisaidie kwa haya: tuchague jina lipi, na je, tunafungwa na kura ile? Wenye mchezo wanaweza kutuandama kwa sababu ya jina? Na tena, wachezaji wa mchezo huu wako kila pembe ya dunia. Je, ni busara kuipa modi jina la Kiswahili?

Ni mimi,
Nahodha wa Chombo Kisicho na Jina

*

Ndugu Nahodha,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ambapo mnagombania jina. Sikupaona. Mwanzilishi anadai kazi yake itambuliwe, wale wawili wanataka modi ionekane, waliopiga kura wanataka neno lao liheshimiwe, na wewe, niwie radhi, unatafuta njia ya kutoka katika kura uliyoiitisha mwenyewe. Madai hayo yote yana haki, ila jina moja haliwezi kuyalipa. Kwa hiyo nitayatenganisha, na nitakwambia mapema kwamba kati ya majina matano uliyoniandikia hakuna hata moja ambalo ningelipachika jinsi lilivyo, ingawa mojawapo lina mbegu nzuri ndani yake.

Tuanze na mtu ambaye hayumo miongoni mwa hao tisa wala hao mia mbili. Ni usiku, anazungumza na rafiki yake kupitia maikrofoni inayokwaruza, na rafiki anamtamkia jina la modi mara moja tu. Je, ataliandika sawasawa katika kisanduku cha kutafutia? Na akishaliandika, ataiona modi yenu au ataletewa maelfu ya mambo mengine? Jina la modi ya wachezaji wengi hupokezanwa kwa mdomo kuliko jina la modi nyingine yoyote, kwa sababu haichezeki peke yako: kila anayeipenda inambidi awashawishi wenzake waipakue, tena toleo lilelile, ndipo waweze kuingia katika seva moja. Anayeweka modi ya kupendezesha mawingu anaweza kuishi na jina baya maisha yake yote na asimsumbue mtu, lakini ninyi hamna anasa hiyo.

MWWB linaanguka papo hapo. Sisemi kwamba kifupisho ni kibaya kwa asili yake. Defense of the Ancients, ramani (yaani uwanja wa kuchezea) iliyotengenezwa na wachezaji wa mchezo wa Warcraft III, ilifahamika dunia nzima kwa kifupisho chake, DotA. Lakini kitazame kifupisho hicho: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kinatamkika kama neno letu lolote la silabi mbili. MWWB haina irabu hata moja, mtu atalazimika kuitaja herufi kwa herufi, na kabla hajafika mwisho mwenzake ameshaandika "mbwa".

Jina la mchezo likifuatwa na "Mtandaoni" linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hoja ya wale wawili ina nguvu kuliko mnavyoipa. Ni kweli kwamba mchezaji mgeni huanza kutafuta kwa jina la mchezo anaoujua. Hata hivyo, jina hilo kwa kawaida ni alama ya biashara ya wenyewe, na kampuni nyingi hutofautisha kati ya kulitaja na kujiita kwalo. Kanuni za matumizi za Minecraft, kwa mfano, zinaruhusu utaje jina la mchezo ili kueleza kwamba kazi yako imetengenezwa kwa ajili yake, ila haziruhusu liwe ndilo jina kuu la kazi hiyo. Wapenzi wa Half-Life waliouunda upya mchezo huo wa 1998 kwa injini, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, iitwayo Source waliiita kazi yao Black Mesa: Source. Valve, wenye mchezo na injini, wakaomba neno Source liondolewe ili watu wasidhani kwamba ni bidhaa ya kampuni. Likaondolewa, modi ikatoka mwaka 2012 kwa jina la Black Mesa tu, na sijapata kumsikia mtu akililia neno lile. Wapo waliopita karibu zaidi na ukuta: Multi Theft Auto, iliyowaletea wachezaji wa Grand Theft Auto uwezo wa kucheza pamoja, ilibadilisha neno moja tu la jina la asili na imedumu miaka mingi. Msiige. Uvumilivu ambao mwingine aliupata kwa wenye mchezo wake hauwi haki yenu kwa wenye mchezo wenu.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu inaizidi ile ya sheria. Jiulizeni: wenye mchezo wakiamua mwakani kutoa njia yao rasmi ya kucheza pamoja, wataiitaje? Yaelekea wataiita vilevile, jina lao na neno la mtandaoni nyuma yake. Siku hiyo modi yenu itaonekana ni bidhaa bandia ya kitu ambacho ninyi ndio mliotangulia kukitengeneza. Jina la mchezo liwekeni katika mstari wa pili, chini ya jina lenu wenyewe, kwa maneno ya wazi: "modi ya wachezaji wengi kwa ajili ya mchezo fulani". Injini ya utafutaji husoma mstari wa pili pia, kwa hiyo wale wawili watapata walichokitaka bila mtu yeyote kuingia katika uwanja wa mwenzake.

Umeniuliza kama mnaweza kuandamwa kwa sababu ya jina. Mnaweza, na wakati mwingine hata neno la kila siku halikukingi. Mwaka 2011 kampuni ya Mojang, iliyotengeneza Minecraft, ilitaka kuuita mchezo wake mwingine Scrolls, neno la kawaida kabisa la Kiingereza lenye maana ya hati za kukunja, nao Bethesda, wenye mfululizo wa The Elder Scrolls, wakalipinga hadi mahakamani. Walipatana mwaka 2012: Mojang wakaruhusiwa kulitumia kwa mchezo ule, ila wasilimiliki kama alama ya biashara. Kwa hiyo, jina lolote mtakaloliteua, tafuteni kwanza katika maduka ya michezo, katika hazina za modi za michezo mingine, na katika rejesta za alama za biashara ambazo ofisi nyingi za serikali zimeziweka wazi kwenye intaneti. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Mimi si mwanasheria, na mkikuta jina linalofanana na lenu katika mambo ya michezo ya kompyuta, msitafute wakili wa kuwatetea. Tafuteni jina lingine, kwa kuwa lenu bado halijatoka na halijawagharimu kitu.

Nirudi kwa DotA kidogo, maana kuna jambo la pili ndani ya kisa chake. Mwaka 2010 Valve waliomba kuisajili Dota kama alama yao ya biashara. Blizzard, wenye Warcraft III, wakapinga, na mwezi Mei 2012 wakakubaliana kwamba Valve walitumie jina hilo kibiashara, huku Blizzard wakihifadhi matumizi yasiyo ya biashara kwa ajili ya ramani zinazotengenezwa na wachezaji wao. Mchezo ambao Blizzard walikuwa wanauandaa kwa jina la Blizzard DOTA ikabidi uitwe Blizzard All-Stars. Jina lilikuwa limekuzwa na wachezaji kwa miaka, na mazungumzo yakafanywa na makampuni mawili. Simaanishi kwamba modi yenu itafika huko. Namaanisha kwamba mnapaswa kuandika, katika ukurasa mmoja wa lugha nyepesi, nani mwenye jina ikiwa kundi litagawanyika, na akaunti ya kupakia modi iwe na wasimamizi wasiopungua wawili. Kundi ambalo limeshampoteza fundi wa sauti kabla ya toleo la kwanza halina sababu ya kuliahirisha jambo hili.

Sasa mwanzilishi. Naona wengi wenu mmemcheka, nami sitamcheka. Garry's Mod, iliyoanza mwaka 2004, ilibeba jina la mtengenezaji wake, Garry Newman, na haikuidhuru hata kidogo. Wachezaji wakalikata likawa GMod na maisha yakaendelea. Lakini ile ilikuwa kweli modi ya Garry, wakati yenu ni ya watu tisa. Jina la mmoja likikaa mlangoni, wanane waliobaki watajieleza kila siku kuwa ni wasaidizi wake, naye siku akichoka atakuwa amewaachia nyumba yenye jina la mtu aliyehama. Zaidi ya hapo, tarakimu nne za mwishoni hazikumbukiki na mtu yeyote asiyekuwa yeye. Mpeni kilicho chake kwa usahihi: ile sehemu inayooanisha mawimbi, ambayo kwa maelezo yako ndiyo inayoifanya modi iwezekane, ipewe jina lake ndani ya msimbo na katika orodha ya watengenezaji, na mtu wa kwanza kutajwa awe yeye. Mwambieni hivyo kabla hamjamwambia kwamba jina lake halikupita.

Na jina lako wewe, Ng'ambo, nalipenda. Ndiyo maana nitalisema ukweli. Ile alama ndogo ya ritifaa inayotutenganishia ng'ombe na ngoma ni adui mkubwa wa majina ya kompyuta. Simu nyingi na programu za kuandikia huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda bila kukuuliza, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo anayetafuta kwa moja huenda asikione kilichoandikwa kwa nyingine. Katika lugha nyingi za programu alama hiyohiyo hufungua na kufunga maandishi. Mtu akisahau kuiwekea kinga, amri inakatika katikati baada ya "Ng". Katika Minecraft, kitambulisho cha modi kinachoandikwa ndani ya faili za mchezo hukubali herufi ndogo, tarakimu, na alama chache kama mstari wa chini, na ritifaa haimo. Mngelazimika kuandika "ngambo" katika folda na Ng'ambo kwenye ukurasa, na msomaji wa Kiswahili angekereka kila anapoiona ile ya kwanza. Niliwahi kuweka faili lenye ritifaa katika jina lake kwenye seva ya rafiki, nikatumia usiku mzima kutafuta kosa katika msimbo usiokuwa na kosa.

Hilo lisikukatishe tamaa na Kiswahili. Mbao zile za kupanga na kuchomoa, ambazo Leslie Scott alizionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1983 katika maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini London, zinaitwa Jenga, kitenzi chetu wenyewe, na zimechezwa katika nchi ambazo watu wake hawajui kwamba wanatoa amri ya ujenzi kila wanapolitaja. Neno la Kiswahili lenye silabi mbili au tatu, lisilo na ritifaa wala dh wala gh, husomeka na karibu mtu yeyote kwa sababu tunaandika tunavyotamka na irabu zetu ni tano tu. Mgeni asiyeijua maana hapotezi kitu, na kwa injini ya utafutaji neno geni ni faida: lina washindani wachache. Epukeni tu maneno ambayo kila mtu ameshayatumia. "Pamoja" ni neno zuri, na kwa kuwa ni zuri, modi yenu ingezama ndani yake. Kisha waulizeni wajaribu wenu wanaozungumza lugha nyingine kama neno mlilolichagua halina maana ya aibu kwao. Mnao watu mia mbili, na swali hilo wanalimudu kuliko lile mlilowapa.

Hapo ndipo palipo na kura. Mwaka 2016 baraza la Uingereza linalofadhili utafiti wa mazingira liliwaalika watu wapendekeze na kulipigia kura jina la meli yake mpya ya utafiti. Jina lililoongoza, kwa zaidi ya kura laki moja na elfu ishirini, lilikuwa la mzaha: Boaty McBoatface, ambalo kwa kuvuta maana tungeweza kulisema "Mtumbwi Mwana wa Mtumbwi". Meli ikaitwa Sir David Attenborough, na lile jina la mzaha likapewa nyambizi ndogo isiyo na rubani iliyo miongoni mwa vyombo vya utafiti wake. Naona waliamua vizuri. Ukiwaachia watu mia mbili karatasi tupu watachagua kinachowachekesha usiku ule, na hawana kosa. Kosa ni la aliyetoa karatasi tupu. Kura ni chombo kizuri cha kuteua kati ya majina matatu yaliyokwisha kuchunguzwa, ambayo lolote likishinda mtalala usingizi. Kwa hiyo hamfungwi na matokeo, ila mnadaiwa maelezo, na maelezo hayo uyatoe wewe uliyeitisha kura, kwa jina lako, ukikiri kwamba swali lilikuwa baya.

"Meli Imezama Tena" halifai kwa sababu ni sentensi nzima ya kutamka, na kwa sababu mgeni akiliona kwenye orodha ya seva atadhani ni taarifa ya hitilafu. Juu ya yote, linaahidi kwamba modi haifanyi kazi. Lakini hilo ndilo lenye mbegu niliyoitaja. Katika majina yote matano ni lenyewe tu linalosema kinachotokea ndani ya mchezo watu wanapocheza pamoja: chombo kinaingia maji na kila mtu anashughulika. Modi za zamani zilizofanikiwa zilifanya hivyo. Team Fortress, modi ya Quake ya mwaka 1996, inakwambia kuna timu na kuna ngome. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life kabla Valve hawajaichukua, ni jina la mashambulizi ya kujibu mashambulizi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Subnautica, mchezo wa kupiga mbizi katika sayari ya bahari, ulioundwa kwa mchezaji mmoja kama huo wenu. Modi inayowawezesha watu kuzama pamoja humo inaitwa Nitrox. Nitrox ni hewa yenye oksijeni nyingi kuliko ya kawaida, ambayo wapiga mbizi huijaza katika mitungi yao ili waweze kukaa chini muda mrefu zaidi. Halimo humo jina la mchezo, wala la mtu, wala neno "wachezaji wengi". Lakini mpiga mbizi akilisikia anatabasamu, na asiye mpiga mbizi ana neno fupi lisilosahaulika.

Ninyi mna mchezo wa vyombo vya tanga, na mnaandika kwa lugha ambayo imekaa na vyombo hivyo kwa karne nyingi. Mbona mnahangaika na vifupisho? Kaeni jioni moja na kamusi, mkusanye maneno ya kazi: shetri, omo, foromali, goshi, demani, sarahangi. Someni kila moja kwa sauti katika sentensi hii: "Jana usiku tulicheza fulani hadi saa nane." Litakalowafanya mjikwae, litupeni. Goshi na demani, kwa mfano, ni maneno matamu, ila demani lina maana zaidi ya moja na mtabishana upya. Likijitokeza jina lenye idadi, tuseme "Mabaharia Sita", likataeni mapema, kwa kuwa siku mtakapomruhusu mtu wa saba jina litakuwa uongo.

Pendekezo langu ni Ngama. Ni pale chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika na mtu anaposhuka na kata kuyafua ili wenzake wa juu waendelee na safari. Lina herufi tano, halina ritifaa, na mgeni akikosea kulitamka bado ataliandika vilevile. Pia ni kisa chenu chenyewe: maji yaliyoingia kila usiku kwa sababu ya mtu wa sita yalikuwa yanakusanyika huko. Wekeni Ngama na mengine mawili mtakayoyapata, myachunguze kama nilivyosema, kisha muwape wajaribu wapige kura kwa siku tatu.

Kabla ya toleo la kwanza, na si baada yake, badilisheni pia lile "jaribio2" lililomo ndani ya faili. Watu wakishahifadhi safari zao, mara nyingi kitambulisho cha ndani huandikwa ndani ya hifadhi hizo, na ukikigusa baadaye mchezo hauvitambui tena vitu vilivyowekwa na modi. Jina la nje mnaweza kulibadilisha hata mwakani mkikubali hasara ya mafunzo na viungo vyenye jina la kale, ila la ndani likishatoka limetoka.

Fundi wa sauti mwandikie leo, usingoje mpatane, kwa sababu mapatano yenyewe yanahitaji kura yake. Na "Meli Imezama Tena" lipewe nyambizi yake: chombo kinapokwenda chini na kioo kikawa cheusi, maneno hayo matatu ndiyo yatokee katikati, bila maelezo mengine, kama yule mjaribu alivyokuwa akiyaandika. Mwombeni ruhusa kwanza.

Mshauri wako